Chupa ya Laki Saba na Mwenzake wa Laki Moja: Katika Manukato, Pesa Inalipia Nini?

Baccarat Rouge 540 ni moja ya harufu zinazoigwa zaidi duniani. Tunaiweka kando ya mbadala wake kutoka Dubai na kuuliza tofauti ya bei imetoka wapi.

Mwaka 2014 kiwanda cha vioo vya fuwele cha Baccarat, mashariki mwa Ufaransa, kilitimiza miaka 250 tangu kianzishwe mwaka 1764 kwa idhini ya Mfalme Louis XV. Kwa ajili ya sherehe hiyo mtunzi wa manukato Francis Kurkdjian aliombwa kutunga harufu maalumu. Zilitengenezwa chupa 250 tu za fuwele, zikauzwa kwa maelfu ya yuro kila moja. Harufu ikapewa jina la Baccarat Rouge 540. Rouge ni ule wekundu uliokipa kiwanda hicho sifa, na 540 ni nyuzi joto za Selisiasi ambazo fuwele iliyotiwa unga wa dhahabu hupashwa mpaka igeuke nyekundu.

Mwaka uliofuata nyumba ya Kurkdjian mwenyewe, Maison Francis Kurkdjian, ikaanza kuiuza kama bidhaa yake ya kudumu. Kuanzia hapo imekuwa vigumu kuikwepa. Utaikuta kwenye lifti za ofisi, kumbi za harusi na vyumba vya abiria vya viwanja vya ndege: utamu kama wa sukari iliyoungua, mkavu na mwepesi, unaobaki hewani baada ya mwenyewe kupita. Ila mara nyingi unachokinusa hapo si Baccarat Rouge yenyewe. Ni mmojawapo wa ndugu zake wa bei nafuu.

Chupa ya mililita 70 ya Baccarat Rouge 540 huuzwa kwa zaidi ya dola 300 za Marekani, yaani zaidi ya laki saba za Tanzania. Club de Nuit Untold, inayotengenezwa na Armaf ya Dubai, huja kwenye chupa ya mililita 105 na kwa kawaida hupatikana kwa dola 30 hadi 50. Ukipiga hesabu kwa mililita, ya Mfaransa ni ghali angalau mara tisa. Kama harufu zinakaribiana kiasi cha kumchanganya jirani yako kwenye daladala, mnunuzi ana haki ya kuuliza hizo mara tisa zimekwenda wapi.

Ninaona swali hili linastahili jibu la heshima, kwa sababu wanaoliuliza si watu wa ubahili. Ni watu wanaopenda kunukia, na kwetu kunukia si anasa ya matajiri.

Viungo tunavyovijua

Nyumba ya Kurkdjian huitambulisha Baccarat Rouge 540 kwa zafarani, asmini, ambari na mti wa mwerezi. Msomaji wa pwani hahitaji kamusi hapo. Zafarani ipo kwenye biriani ya harusi. Asmini husukwa vikuba, hupambwa kwenye nywele na kutandazwa juu ya kitanda cha maharusi. Ambari nayo ilikuwa bidhaa ya mwambao huu zaidi ya miaka elfu iliyopita. Mwandishi Mwarabu al-Masudi, aliyesafiri katika bahari hii katika karne ya kumi, aliisifu ambari iliyookotwa kwenye fukwe za nchi ya Zanj, yaani mwambao huu wetu.

Lakini ndani ya chupa ya leo viungo hivyo havimo kwa namna ambayo bibi zetu wangeitambua. Ambari halisi hutoka tumboni mwa nyangumi mkubwa mwenye meno. Huelea baharini miaka mingi kabla ya kutupwa ufukweni, na ni adimu mno kwa kiwanda kuitegemea. Mahali pake huwekwa ambroxan, molekuli inayoweza kutengenezwa kutokana na kiini cha mmea wa jamii ya salvia. Ambroxan hunukia kama ngozi safi iliyopigwa na upepo wa bahari, na hukaa muda mrefu ajabu. Harufu ya zafarani nayo, katika manukato mengi ya kisasa, hutengenezwa maabara. Wepesi wa asmini kwa kawaida hutoka kwenye hedione, ambayo dunia iliifahamu kupitia Eau Sauvage ya Dior mwaka 1966. Utamu wa sukari iliyoungua hutoka kwenye ethyl maltol, iliyopata umaarufu kwa marashi ya Angel ya Mugler mwaka 1992. Hiyo ndiyo harufu ya pamba ya sukari inayouzwa viwanja vya sikukuu.

Kwa hiyo nguvu ya Baccarat Rouge haitokani na kitu adimu kilichofungiwa sandukuni. Inatokana na vipimo. Kurkdjian alichukua molekuli chache ambazo wenzake wote walikuwa nazo mezani na kuziweka kwa uwiano ambao hakuna aliyewahi kuuwazia. Utamu ukawa mkavu, nao uzito ukapata hewa. Hapo ndipo palipo kipaji chake, na hapo hapo ndipo palipo udhaifu wa chupa yake mbele ya waigaji.

Mtunzi na mashine

Kurkdjian hakuibuka na chupa hii. Alisoma utunzi wa manukato katika shule ya ISIPCA mjini Versailles, na mwaka 1995, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akatunga Le Male ya Jean Paul Gaultier, mojawapo ya marashi ya kiume yaliyouzwa sana duniani. Mwaka 2009 alianzisha nyumba yake pamoja na Marc Chaya. Mwaka 2017 kampuni kubwa ya LVMH iliinunua, na mwaka 2021 yeye akateuliwa kuongoza utunzi wa manukato ya Dior. Harufu moja ya mtu wa aina hii huweza kupitia majaribio mengi sana. Anaongeza tone hapa, anapunguza pale, anasubiri siku kadhaa, ananusa tena, anatupa na kuanza upya.

Mwigaji hana kazi hiyo. Ananunua chupa moja na kuipeleka maabara. Huko kromatografia ya gesi hutenganisha kimiminika sehemu kwa sehemu, kisha mashine nyingine inatambua kila sehemu ni molekuli gani na ipo kwa kiasi gani. Ni kama mtu aonje pilau ya jirani kisha aandikiwe idadi ya karafuu, uzito wa bizari na vijiko vya mafuta. Kazi ya kutafuta imekwisha fanywa na mwingine, imebaki ya kupika.

Hata hivyo mashine ina mipaka yake. Mafuta ya maua halisi, mathalani asmini au waridi, yana mamia ya chembechembe, na baadhi zipo kwa kiasi kidogo mno ingawa pua huzitambua. Kampuni kubwa za kemia ya harufu nazo huwa na molekuli zao za siri ambazo hazimuuzii mtu mwingine kwa muda fulani. Marashi yaliyojaa mafuta ya asili na siri za namna hiyo huwasumbua waigaji. Baccarat Rouge, iliyosimama juu ya molekuli zinazopatikana sokoni, haiwasumbui sana. Ndiyo maana nakala zake ni nyingi na nyingine ni nzuri kweli.

Mkono wa kulia, mkono wa kushoto

Njia ya haki ya kulinganisha ni kuvaa yote mawili kwa siku moja: moja mkono wa kulia, jingine wa kushoto, bila kusugua viganja. Usiamue dukani. Karatasi ya kunusia hukuonyesha mwanzo tu, wakati marashi utaishi nayo mpaka jioni.

Katika dakika za kwanza tofauti inasikika waziwazi. Baccarat Rouge inafunguka kwa zafarani yenye ukali mdogo, mfano wa ngozi mpya na chuma, halafu utamu unaikumbatia haraka. Untold inaanza kwa kelele zaidi. Spiriti inapiga pua, zafarani imechongoka, na utamu unachelewa kuja kuituliza. Mtu akinusa hapo na kuondoka atasema ya bei nafuu ni ya bei nafuu tu.

Baada ya saa moja mambo hubadilika. Ukali wa Untold unakuwa umepungua, na mikono miwili inakaribiana kiasi kwamba aliyefumbwa macho atababaika. Kwa pua yangu, ya Mfaransa bado ina hewa ndani yake. Unanusa asmini, kisha sukari, kisha mti, kila kimoja na nafasi yake. Nakala inavitoa vyote kwa pamoja, na mti wake ni mkavu zaidi. Hii ni tofauti ya kweli, ila anayeisikia ni aliye karibu na anayetulia kunusa. Aliye upande wa pili wa meza haisikii.

Ikifika jioni zote mbili zingali hai, na kesho yake asubuhi kola ya shati inaweza kukutolea ushahidi. Kwa kudumu, nakala haina cha kuonea aibu. Wengi hudhani marashi ya bei kubwa lazima yakae zaidi, lakini kukaa kunategemea molekuli iliyotumika na kiasi chake kuliko bei ya boksi. Ambroxan ni ngumu kuondoka, iwe imenunuliwa na Paris au Dubai.

Jambo moja la kujihadhari: pua ya mwenyewe huchoka. Aliyejipulizia Baccarat Rouge au mojawapo ya nakala zake huacha kuisikia baada ya muda na kudhani imekwisha, akaongeza tena, kumbe ofisi nzima imeelemewa. Kuna pia watu ambao pua zao hazizishiki vizuri molekuli za aina hii. Kabla ya kuongeza, muulize aliye jirani.

Ipo pia njia nyingine ya kukaribia harufu hii bila kuinakili. Cloud, marashi yaliyotolewa mwaka 2018 kwa jina la mwimbaji Ariana Grande, hutajwa kila mara kuwa mbadala wa Baccarat Rouge. Lakini ndani yake mna peasi, lavenda, nazi na krimu. Ni laini na tamu zaidi, haina ule ukavu wa zafarani. Inafika mtaa mmoja kwa barabara tofauti, na mtu anayependa utamu anaweza kuipenda kuliko ile iliyoitangulia.

Pesa yenyewe imekwenda wapi

Tukirudi kwenye zile mara tisa, sehemu ndogo tu imo kwenye kimiminika. Chupa ya marashi ya kupuliza kwa kiasi kikubwa ni alkoholi na maji kidogo. Mchanganyiko wenye harufu wenyewe, kwa daraja hili, huwa takriban asilimia 15 hadi 20. Pesa zinazobaki zimelipia kioo na boksi, kodi ya duka la mtaa wa gharama, wauzaji waliofunzwa, matangazo, faida ya muuzaji wa kati na faida ya kampuni mama. Vilevile zimelipia jina, maana katika anasa bei yenyewe ni sehemu ya bidhaa. Kama ingeshuka, baadhi ya wanunuzi wangeondoka.

Ndani ya mlima huo wa gharama kuna kitu kimoja ninachokiheshimu kwa dhati: ujira wa kutafuta. Ule uwiano haukuwepo duniani kabla mtu hajakaa mezani akautafuta, na kwa kila harufu iliyofaulu zipo nyingi zilizokufa kwenye daftari. Chupa ya Armaf ni rahisi kwa sababu kazi hiyo ilikwisha lipiwa na mwingine. Siwalaumu wanunuzi kwa hilo. Ninachosema ni kwamba unafuu wa nakala umesimama juu ya mabega ya mtu, na mabega hayo yanastahili kutajwa.

Je, ni wizi?

Kisheria jibu limegawanyika. Mwezi Juni 2006 Mahakama ya Juu ya Uholanzi, katika kesi ya Lancôme dhidi ya kampuni ya Kecofa iliyoiga marashi ya Trésor, ilikubali kwamba harufu ya marashi inaweza kulindwa kwa hakimiliki kama ilivyo kazi ya sanaa. Mwezi huohuo mahakama ya juu ya Ufaransa, nchi iliyo kitovu cha manukato, ikasema kinyume: harufu ni matokeo ya ufundi, haina hakimiliki. Mwaka 2009 Mahakama ya Ulaya, katika kesi ya L'Oréal dhidi ya Bellure, iligusa upande wa biashara. Wauzaji walikuwa wakigawa orodha zinazoonyesha marashi yao yapi yanafanana na yapi maarufu. Mahakama ikaona kuwa huko ni kujinufaisha isivyo haki na sifa za chapa ya mwingine.

Ndiyo maana kwenye boksi la Untold hutaona neno Baccarat. Katika kesi ya Bellure harufu yenyewe haikukatazwa. Kilicho hatari ni kuchukua jina, nembo au sura ya chupa ya mwenzako.

Historia inatukumbusha pia kwamba kufuatana si jambo geni katika fani hii. Mwaka 1917 François Coty alitoa marashi ya Chypre. Miaka miwili baadaye Jacques Guerlain akatoa Mitsouko, iliyojengwa juu ya mifupa ileile, ila akaongeza harufu ya pichi iliyoiva. Mitsouko ingali inauzwa mpaka leo na huhesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za karne iliyopita. Guerlain alifuata kisha akaongeza lake. Hicho ndicho kipimo ninachotaka tuwapimie watengenezaji wa Ghuba. Wana ujuzi, wana mitaji, na wanarithi utamaduni wa udi na waridi uliokuwepo kabla ya maduka ya Paris. Oman ilionyesha njia mwaka 1983 ilipoanzisha nyumba ya Amouage kwa agizo la Sultan Qaboos, na leo chupa za Muscat zinauzwa kwa bei ya za Ufaransa bila kumwiga mtu. Sioni kwa nini jirani zao waendelee kusifiwa kwa kukaribia kazi za wengine tu.

Feki ni habari nyingine

Tusichanganye mbadala na feki. Mbadala hubeba jina la aliyeutengeneza na anwani yake, na ukikuunguza ngozi unajua wa kumuuliza. Feki huvaa jina la mwingine. Boksi limeandikwa Baccarat Rouge 540, nembo ipo, bei ni elfu thelathini, na hakuna ajuaye kilichomo. Huenda spiriti yake si ya kutumika mwilini. Huenda rangi yake haikupimwa. Huko sipati cha kutetea, kwa sababu anayeumia kwanza ni mnunuzi mwenyewe. Kwa Tanzania, bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango, TBS. Muuzaji wa feki anastahili kuripotiwa.

Hata kwenye mbadala halali, soma orodha ya viambato. Molekuli ya lilial, iliyokuwa ikitumika sana kuleta harufu ya maua, ilipigwa marufuku katika vipodozi na Umoja wa Ulaya kuanzia Machi 2022 kwa hofu ya madhara kwa uzazi. Kwenye boksi huandikwa Butylphenyl Methylpropional. Ukiliona jina hilo, rudisha chupa rafuni. Mwenye ngozi nyepesi kuwasha ajaribu tone moja ndani ya kiwiko na asubiri siku nzima.

Ununue ipi?

Kama una uwezo na umeijaribu mpaka jioni, ukasikia ile hewa ninayoisema na ukaipenda, nunua ya Kurkdjian. Utakuwa umemlipa mtunzi. Ipo chupa ya mililita 35, na kwa marashi yenye nguvu hivi inatosha muda mrefu. Kama laki saba ni ada ya mtoto au kodi ya nyumba, nunua mbadala bila kujificha. Hakuna fedheha katika kunukia vizuri kwa pesa unayoimudu, na anayekudharau kwa boksi lako hajui chochote kuhusu manukato.

Yoyote utakayochukua, usiiache kwenye gari wala dirishani. Joto la Dar es Salaam na Mombasa huharibu marashi ya laki saba na ya laki moja bila ubaguzi. Kabati la chumbani lenye giza linatosha, ndani ya boksi lake.

Halafu usiridhike na kunukia kama wote. Mwanamke wa Unguja au Lamu hufukiza nguo zake kwa udi kwenye chetezo, akajipaka mafuta nyuma ya masikio, ndipo akajipulizia. Mwishowe harufu yake haiuzwi duka lolote. Untold juu ya nguo iliyofukizwa hupoteza ule ukali wake wa mwanzo, kwa sababu moshi wa udi huijaza pale ilipokonda. Baccarat Rouge nayo, juu ya mafuta ya asmini halisi, inapata ua ambalo maabara ililipunguza. Kurkdjian aliifikia kazi yake kwa kuchanganya na kunusa tena na tena, na hilo halihitaji laki saba. Linahitaji subira, na pua inayoaminiwa na mwenyewe kuliko tangazo.